Shuka za Casilda

Ufunguo ulizunguka mara ya pili, mlango ukasukumwa, na Casilda akabaki amepiga magoti mbele ya kasha na shuka mkononi, kama mwizi aliyefumaniwa.

Niliwaacha hapo katika gazeti lililopita, na najua mmenisema wiki nzima. Mmoja wenu alinisimamisha sokoni, kapu la mboga mkononi, akaniuliza kama ni jambazi. Jambazi gani huyo anayefungua kwa ufunguo na kupangusa viatu kabla ya kuingia?

Kwa aliyejiunga nasi sasa hivi, nimweleze kwa pumzi moja. Casilda Ochoa, mshonaji aliyestaafu, amerudi Tudela baada ya kuzeekea Toulouse, Ufaransa. Katika nyumba zote za mji wetu amechagua kupanga hii ya kando ya mto Ebro, yenye kila kitu ndani, hata vijiko. Hakufuata vijiko. Nyumba hii iliandaliwa kwa ajili yake alipokuwa msichana, aje aishi humu na Nicanor Sesma. Harusi ikavunjika wiki ileile ya kufungwa.

Alidhani Nicanor alioa mwingine zamani na sasa ana wajukuu. Alitaka tu alale msimu mmoja mahali alipokusudiwa kulala maisha yake yote. Kisha, siku ileile aliyohamia, akafungua kasha la chumbani na kukuta shuka alizozitarizi kwa mkono wake mwenyewe, herufi ya jina lake na ya Nicanor zimeshikana, hazijalaliwa hata siku moja.

Haya, turudi mlangoni.

Aliyeingia alikuwa mzee mrefu, shati limefungwa vifungo hadi kooni, mfuko wa letusi mkononi. Casilda alimtambua kwa masikio. Nywele zilikuwa zimekwisha, mabega yameshuka, lakini masikio yalikuwa yaleyale, yamesimama pembeni kama vishikio vya sufuria.

"Samahani, mama," mzee alisema, akavua kofia. "Sikujua kuna mtu. Wewe ndiye uliyeletwa kufanya usafi?"

Casilda aliishusha shuka magotini.

"Usiogope, endelea na kazi yako. Mimi huja kila alasiri kufungua madirisha. Nyumba mpya ukiifungia hunuka rangi."

Nyumba mpya! Kuta zilikuwa zimebabuka, na dari la jikoni lina doa la maji la tangu enzi hizo. Casilda alimkazia macho.

"Nicanor," alisema.

"Ndiye mimi. Dada yangu kakutajia jina? Eulalia mdomo wake haufungi." Akacheka peke yake. "Basi atakuwa kakwambia na habari ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu mimi! Jumamosi. Mama, wewe umetoka wapi? Mji mzima unajua."

Hapo Casilda alielewa, na nyinyi mmeshaelewa. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umempitia mzee huyu na kumfagilia miaka yote ya maisha yake, ukamwachia wiki moja tu, siku zake zimechanganyika. Na kati ya wiki zote alizoishi duniani, ilikuwa ile.

Niwaulize, mngefanya nini? Mngepiga kelele? Casilda alisimama, akakung'uta sketi yake.

"Nikusaidie nini?" aliuliza.

"Kutandika. Wanawake wanakuja kesho kutazama, na mimi shuka hunishinda. Nikivuta huku, kule kunakunjamana."

Wakatandika. Yeye upande wa dirisha, Nicanor upande wa ukuta. Nje upepo wa kaskazini ulikuwa unatikisa vioo, na mto umejaa, una rangi ya kahawa yenye maziwa. Shuka ilipaa kati yao, ikatua. Nicanor alipapasa zile herufi kwa kidole kimoja, taratibu.

"Kazi yake hii," alisema. "Ana mkono! Lakini ana na ulimi. Ukimgusa pabaya, umekwisha."

"Unamwogopa?"

"Namwogopa sana. Ndiyo maana namwoa, asije akaolewa na mtu asiyemwogopa, akampanda kichwani."

Casilda alicheka. Kisha akajifanya anatafuta mto wa kulalia.

"Unampenda?"

"Mama, mwenye masikio kama haya unamuuliza swali hilo? Nani mwingine angenitaka? Nilimuuliza siku moja, Casilda, umeona nini kwangu? Akaniambia, nimeona mahali pa kutundika kofia."

Nicanor alikumbuka. Maneno ya mzaha yaliyosemwa darajani na msichana mwenye miaka ishirini na kitu, mzee huyu alikuwa anayo mazima mazima. Uso wa msichana huyo, ulio mbele yake, hakuujua.

Casilda aliinama kwenye kasha kuchukua foronya. Alipoivuta, kitu cheupe kikatoka nayo kutoka chini kabisa, kikaanguka sakafuni baina yao.

Kigauni cha mtoto mchanga, chenye utepe wa samawati shingoni.

Kwa ajili ya kitambaa hiki alikuwa amekosa mume, mji na watoto.

Wazee wenzangu wanajua desturi yetu ya siku zile. Vijana wataona ni ushamba, na labda wana haki. Wiki ya harusi, nguo na matandiko ya bibi harusi yaliletwa kwenye nyumba mpya na kutandazwa kitandani: shuka, taulo, mitandio, nguo za kulalia. Wanawake wa pande zote mbili walikuja kutazama. Na kutazama kwao kulikuwa ni kupekua. Waligeuza pindo kuona mshono wa nyuma, walivuta uzi, walinusa.

Siku ya Casilda, shangazi mmoja aliinua taulo, kigauni kikadondoka. Nguo ya mtoto katika matandiko ya msichana anayeolewa Jumamosi! Nicanor akaitwa. Akakiokota, akamtazama mchumba wake mbele ya watu wote, akamuuliza, "Hiki cha nani?"

Casilda hakujibu. Kwa nini ajibu? Alikuwa hajawahi kukiona. Lakini mwanamume ambaye alipaswa kuwa wa kwanza duniani kumwamini ndiye aliyeuliza. Akaacha vyote virudishwe kashani, kigauni nacho, akachukua koti lake, akashuka ngazi, na baada ya siku chache akapanda basi la Ufaransa. Maisha yake yote aliyoishi Toulouse akishonea mabibi harusi wa wenzake, swali lile halikumtoka.

Sasa Nicanor alikuwa amekiokota tena. Casilda akasubiri.

Mzee alitazama mlangoni. Akaweka kidole mdomoni.

"Shh. Hiki cha Eulalia," alinong'ona. "Usimwambie mama yetu, atamuua."

Wasomaji wangu, hapo Casilda aliketi kitandani, juu ya shuka iliyonyooshwa, bila kujali.

"Cha Eulalia?"

"Dada yangu ana mimba. Kalia machozi magotini pangu jana mpaka suruali ikalowa. Nimemwapia sisemi." Akakikunja kigauni vizuri, akakiweka kando ya mto. "Casilda amekasirika kidogo. Nitamweleza yakipita. Yeye ataelewa."

Yeye ataelewa! Kumbe Nicanor alijua. Alijua kwamba bibi harusi wake hana kosa, akanyamaza.

"Mama, unalia?"

"Vumbi la kasha."

"Ngoja nikuletee maji. Na hizi letusi niziloweke, za shamba la rafiki yangu, usiondoke bila kuonja."

Akaenda jikoni akiimba kwa sauti ya chini. Na mlango wa nje, ambao hakuufunga, ukapigwa na upepo, na nyuma ya upepo akaingia mwanamke mnene wa mavazi meusi, anahema kwa ngazi.

"Samahani sana, mama, kaka yangu ana ufunguo wake, nimemtafuta kila mahali. Nilimwambia wakala kwamba mpangaji asisumbuliwe…"

Alikuwa ameiona shuka, kisha kigauni, kisha uso.

"Hujambo, wifi," Casilda alisema.

Eulalia alishika kifua. "Casilda? Wewe ndiye mpangaji?"

"Jina langu lipo kwenye mkataba. Hukusoma?"

"Sikusoma. Blas aliniletea nikaweka sahihi."

Blas ndiye wakala wa nyumba, yule mwanamume wa makamo, mcheshi, aliyemkabidhi Casilda funguo wiki mbili zilizopita katika gazeti hili. Likumbukeni jina hilo.

"Kiko wapi?" Casilda aliuliza.

"Nini?"

"Kitoto kilichokuwa kivae kile kigauni. Usinizungushe, Eulalia. Kaka yako kaniambia yeye mwenyewe, anadhani ni jana."

Eulalia aliutazama mlango wa jikoni. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye karai, na Nicanor bado anaimba.

"Mama alikuwa anapekua kila droo yangu," alisema haraka, kwa sauti ya kunong'ona. "Kasha lako tu hakuligusa, lilikuwa la heshima. Nikakificha humo. Siku ile nilikuwa nimeamka nije kukitoa, nikatumwa tanuruni kuchukua keki za wageni. Shangazi zako wakaja mapema. Unawajua shangazi zako."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa!"

"Na mimi je? Mimi nilikuwa mama mzima?"

"Nilimwambia Nicanor jioni ileile. Nilimshika miguu. Baba angeniua, Casilda, au mama angeniua. Nicanor akasema, basi, subiri uende Zaragoza kwa watawa, ujifungue, halafu nitamrudisha Casilda nimweleze. Alipokwenda kwenu, baba yako akamfungia mlango. Ulikuwa umeshaondoka, na anwani hakuna aliyempa."

"Angenitafuta."

"Hakukutafuta? Kila Jumapili alikuwa kituo cha mabasi! Mvua, baridi, upepo huu unaoutoboa mfupa, yeye yupo, anatazama wanaoshuka. Watu wakaanza kumcheka. Wahuni wakawa wanampigia mluzi, Nicanor, bibi harusi kakosa basi. Mimi ndiye dada yake, nikawa nasikia. Mwishowe…" Akautazama tena mlango wa jikoni. "Mwishowe nikamwambia umekufa."

Jikoni maji yalifungwa.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba barua imekuja kutoka Ufaransa, umekufa kwa homa ya mapafu. Nikakusomeshea misa, ili aamini. Na maua."

"Maua gani?"

"Waridi meupe."

"Mimi waridi sijawahi kuyapenda," Casilda alisema, na ndipo machozi yakaja kwelikweli, kwa ajili ya waridi, kwa ajili ya kijana yule mwenye masikio makubwa aliyesimama kituoni Jumapili baada ya Jumapili wakati yeye, Toulouse, alikuwa akimlaani kila anapotunga uzi kwenye sindano. Alikuwa ameilisha hasira ile vizuri miaka yote. Sasa ilimwacha, na pale ilipokuwa hapakubaki kitu.

Aliinuka, akapita mbele ya Eulalia, akaingia jikoni.

Nicanor alikuwa anapanga majani ya letusi kwenye sahani, anayadondoshea mafuta.

"Nicanor. Nitazame. Mimi ni Casilda."

Mzee aligeuka. Alimtazama vizuri, kwa muda. Kisha uso wake ukaporomoka, siku nyingine ikamrudia.

"Mama, jina hilo usilichezee," alisema. "Casilda alikufa. Nilikwenda kwenye misa yake. Kulikuwa na maua meupe."

"Hakufa. Ni mimi. Mahali pa kutundika kofia, Nicanor! Nilikwambia darajani!"

"Nani kakwambia hayo?" Alirudi nyuma, sahani ikapinduka. "Eulalia! Eulalia, huyu mama anasema yeye ni Casilda! Mwambie! Yuko hai au kafa? Mimi siwezi… kichwa changu… Nikiambiwa na wewe nitajua."

Mnaona? Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa anaaminiwa na kichwa kile kilichovunjika. Neno moja la Eulalia lingemrudishia Casilda jina lake. Ndiyo hilo tu alilotaka, hakutaka nyumba wala shuka wala kuombwa radhi, bali atajwe jina na Nicanor mara moja akiwa hai.

Eulalia alisimama kizingitini. Na ninaapa kwenu, ninayemjua mwanamke huyu, alikuwa amekusudia kusema.

Ndipo hatua za haraka zikasikika kwenye ngazi.

"Hodi! Mbona mlango wazi?" Blas aliingia, tabasamu mpaka masikioni, mkoba wa karatasi kwapani. "Mama Casilda, nimekuja kuona lile bomba la… Loo, Bibi Eulalia! Na mjomba Nicanor! Kuna nini, mkutano?"

Mjomba. Huwa anawaita hivyo wazee wote, ndiyo tabia yake. Lakini Casilda alimwona Eulalia alivyomtazama, na akakielewa kilichobaki. Umri ulilingana. Kidevu kilikuwa cha akina Sesma.

Eulalia alimsogelea Casilda, akamshika kiwiko, akamnong'oneza bila kumwangalia usoni.

"Mwoka mikate wa mtaa wa nyuma na mkewe hawakupata mtoto, wakamlea huyu. Wanajua wao tu, na yeye hajui. Nimenunua mkate kwao kila siku ya Mungu ili nimwone. Alipofungua ofisi nikampa nyumba hii aipangishe, apate sababu ya kuja kunywa kahawa kwangu. Casilda, nakuomba. Nikisema u hai, Nicanor ataniuliza kwa nini nilidanganya, na atakitaja kile kigauni cha kitandani, mbele ya Blas. Ananiita shangazi. Ananipenda. Sina kingine."

"Eulalia!" Nicanor alipaza sauti. "Nimekuuliza! Huyu mama ni nani?"

Blas aliacha kutabasamu.

Eulalia alimtazama mwanawe. Kisha akamtazama kaka yake.

"Simjui," alisema. "Ni mpangaji tu."

Nicanor alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliokota kofia yake, akaipangusa kwa kiganja, na heshima yake yote ikamrudia.

"Basi nisamehe, mama, nilikupandishia sauti. Umechanganya majina, hutokea. Lakini itabidi utupishe. Jumamosi bibi harusi wangu anaingia."

"Mama Casilda," Blas alisema, uso umemwiva kwa aibu, "kama umesumbuliwa, mkataba tunauvunja leo hii. Ninayo nyingine ng'ambo ya daraja, mpya kabisa, ina lifti."

Hapo Casilda alikuwa na yote mkononi. Kigauni kilikuwa hatua chache tu, kitandani, kando ya mto. Angeweza kumpa Blas akishike na kumwambia amuulize shangazi yake. Eulalia alijua. Alikuwa amefumba macho, anasubiri.

Casilda alichukua kitambaa cha jikoni, akainama, akaanza kufuta mafuta sakafuni. Alifuta mpaka vigae vikang'aa. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imetulia.

"Sivunji mkataba, mwanangu. Hapa pananifaa." Akamgeukia Nicanor. "Na wewe usihangaike. Chumba tumeshatandika. Jumamosi nitakuwepo nikusaidie kumpokea."

"Kweli, mama?" Macho ya mzee yaling'aa. "Lakini utamjuaje? Hujawahi kumwona."

"Nitamjua."

"Amevaa gauni la buluu. Hapendi kusubirishwa."

"Nitamjua, Nicanor."

Blas alimshika mzee mkono, wakatoka pamoja, taratibu, ngazi moja moja. Eulalia alibaki nyuma. Alijaribu kuushika mkono wa Casilda, Casilda akauondoa.

"Jumamosi usimngoje," Eulalia alisema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Gari la makao ya wazee linakuja asubuhi kumpeleka Pamplona. Mimi siwezi tena peke yangu. Nimekwisha kukubali, na yeye sijamwambia."

Kutoka chini, mlangoni, sauti ya Nicanor ilikuwa inapanda, changamfu, inamwomba Blas asisahau kumkumbusha kunyoa ndevu Ijumaa.